Alama za mishipa ya damu kwa mtoto mchanga: ipi isubiriwe na ipi iwahiwe

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini mhudumu yeyote aliyekaa katika kliniki ya mama na mtoto atautambua. Mama analeta mtoto wa kike mwenye umri wa wiki tatu kupimwa uzito. Mtoto huyo alizaliwa njiti, ila sasa ananyonya vizuri na uzito unapanda. Kabla ya kuondoka, mama anaonyesha doa dogo kwenye kope ya juu ya jicho la kushoto, lisilozidi ukubwa wa punje ya mtama.

“Sista, hiki ni kitu gani? Alipozaliwa hakikuwapo.”

Muuguzi anatazama, anabonyeza kwa ncha ya kidole, kisha anajibu kwa upole: “Usihofu mama, ni alama tu ya kuzaliwa. Itaondoka yenyewe.”

Jibu hilo ni la kweli kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana linatolewa kila siku bila mtu kulitilia shaka. Uvimbe ule kweli utanywea, pengine mtoto akiwa na miaka minne. Lakini mtoto anaporudishwa akiwa na miezi saba, kope imevimba mpaka imefunika nusu ya mboni. Kwa muda wa miezi mitano ubongo wake umekuwa ukipokea picha kutoka jicho moja tu, nao umeanza kuzoea kutolitumia la pili. Siku kope itakaponywea, jicho litaonekana zima kwa nje, ilhali uwezo wake wa kuona umepungua, na huenda usirudi wote.

Shida ya jibu la muuguzi imo katika maneno “alama ya kuzaliwa”. Jina hilo moja hubeba mambo yasiyohusiana: lipo baka lisilohitaji chochote, lipo linalohitaji dawa ndani ya wiki chache, na lipo litakalodumu maisha yote. Hata vitabu vya tiba vilikuwa na mkanganyiko huo huo hadi mwaka 1982, pale John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston, Marekani, walipochunguza chembehai za alama hizi na kuzigawa katika jamii mbili. Jamii ya kwanza ni vivimbe, yaani mishipa ya damu ambayo chembehai zake zinazaliana na kuongezeka. Jamii ya pili ni kasoro za maumbile, yaani mishipa iliyojengeka vibaya tangu tumboni, ambayo haizaliani bali hukua sambamba na mtoto. Mgawanyo huo ndio unaotumika hadi leo, na faida yake kwa mhudumu wa zahanati ni kwamba hauhitaji darubini. Swali moja kwa mama hufungua njia: je, alama hii ilikuwapo vilevile siku ya kuzaliwa, au imetokea baadaye na inakua?

Hemanjioma na kalenda yake

Alama iliyotokea baadaye na inayokua haraka, mara nyingi ni hemanjioma ya utotoni. Huu ndio uvimbe usio wa saratani unaowapata watoto wachanga kuliko mwingine wowote. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya kila ishirini au ishirini na tano. Huwapata zaidi watoto wa kike, mapacha, na hasa watoto njiti wenye uzito mdogo. Chembehai zake hubeba protini iitwayo GLUT1, ambayo hupatikana pia katika mishipa ya kondo la nyuma lakini haipo katika mishipa ya kawaida ya ngozi. Udugu huo na kondo la nyuma umewafanya watafiti wengi wahusishe chanzo cha hemanjioma na upungufu wa oksijeni kabla au wakati wa kuzaliwa.

Siku ya kuzaliwa huenda pasionekane kitu, au pakaonekana baka lililopauka, au vijimishipa vyembamba mfano wa nyuzi. Katika wiki za kwanza doa huanza kuinuka. Likiwa juu ya ngozi huwa jekundu lenye vichembe kama tunda la stroberi. Likiwa chini ya ngozi huwa uvimbe laini wa rangi ya samawati, wenye joto kidogo. Kasi ya ukuaji huwa kubwa kupita kiasi kati ya wiki ya tano na ya nane. Ikifika miezi mitatu, hemanjioma nyingi zimeshafikia asilimia 80 hivi ya ukubwa wake wa mwisho, na kufikia mwezi wa tano nyingi zimekwisha kukua. Baadaye hutulia, kisha karibu na mwaka wa kwanza huanza kufifia: wekundu hugeuka kijivu kuanzia katikati, uvimbe hulainika, na kazi kubwa ya kunywea huwa imekamilika mtoto anapotimiza miaka minne.

Kalenda hii inastahili kubandikwa ukutani kwenye kila kliniki, kwa sababu inapingana na mazoea. Mazoea husema: “Mlete tena akifikisha miezi sita tuone imefikia wapi.” Katika miezi sita hakuna cha kuona isipokuwa madhara yaliyokwisha kutokea. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtoto mwenye hemanjioma ya hatari aonwe na mtaalamu mapema iwezekanavyo, ikibidi akiwa na umri wa mwezi mmoja tu.

Tena, kunywea si sawa na kutoweka. Zaidi ya nusu ya hemanjioma zisizotibiwa huacha kumbukumbu: ngozi iliyolegea, mafuta yaliyobaki chini yake, kovu au vijimishipa vinavyoonekana. Mgongoni au tumboni jambo hilo halina uzito. Kwenye ncha ya pua au mdomo wa binti atakayeanza shule miaka michache baadaye, lina uzito.

Mahali ilipo ni muhimu kuliko ukubwa wake

Hemanjioma nyingi hazihitaji dawa. Ile ndogo iliyo mgongoni, mkononi au kichwani penye nywele hupimwa kwa rula, hupigwa picha, na mama huambiwa aitazame. Kinachobadilisha uamuzi ni mahali.

Karibu na jicho, hatari ni ile iliyoelezwa mwanzoni. Na si lazima mboni ifunikwe, kwani uvimbe unaokandamiza jicho hupindisha umbo lake na kuharibu picha. Kwenye mdomo na sehemu zinazofunikwa na nepi, hatari ni kidonda. Hili ndilo tatizo linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine, hasa karibu na mwezi wa nne, nalo huuma sana: mtoto hukataa kunyonya au hulia kila anapojisaidia. Uso wa hemanjioma ukianza kuwa mweupe kabla ya mtoto kufikisha miezi mitatu, isidhaniwe kuwa inapona. Mara nyingi weupe huo ni dalili kwamba ngozi inakaribia kuchanika.

Hemanjioma iliyotanda kwenye kidevu, taya na mbele ya shingo, pale ndevu huota kwa mwanamume, huenda ina mwenzake ndani ya koo. Mtoto wa namna hiyo akianza kutoa sauti ya mkwaruzo anapovuta pumzi, au sauti ya kilio ikawa ya kukwama, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tatizo kama hilo hutibiwa kimakosa kama mafua au kifua, na antibiotiki haziwezi kufungua njia ya hewa iliyobanwa na uvimbe.

Baka kubwa linalotawala sehemu nzima ya uso, lenye upana unaozidi sentimita tano, humlazimu daktari kuchunguza ubongo, mishipa mikubwa ya kichwa na shingo, moyo na macho, kwa kuwa kasoro za viungo hivyo huandamana nalo. Lililo kiunoni juu ya mfupa wa nyonga huweza kuficha kasoro ya uti wa mgongo, njia ya mkojo au njia ya haja kubwa. Na mtoto mwenye hemanjioma tano au zaidi kwenye ngozi, hata kama kila moja ni ndogo kama kiroboto, anahitaji ultrasaundi ya ini. Hemanjioma nyingi au kubwa za ini huweza kuulemea moyo, na pia kuiteketeza homoni ya tezi ya shingo kuliko mwili unavyoweza kuitengeneza.

Ngozi nyeusi na macho yaliyofundishwa kwa picha za ngozi nyeupe

Vitabu vingi huonyesha hemanjioma kama kitu chekundu kilichong’aa juu ya ngozi nyeupe. Kwa mtoto wa Kiafrika wekundu huo huweza kufichwa na rangi ya ngozi. Kinachoonekana ni weusi uliokolea, zambarau, au uvimbe usio na rangi ya pekee. Kwa hiyo mkono usaidie jicho. Gusa uone kama pana joto kuliko ngozi ya jirani. Bonyeza taratibu uone kama uvimbe unapungua na kujaa tena. Tazama mtoto anapolia, kwani mishipa hujaa damu. Fanya hivyo mchana karibu na dirisha.

Upande wa pili wa kosa pia upo. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya rangi ya samawati au kijivu kiunoni na matakoni. Hayo ni rangi ya ngozi iliyokaa kina kirefu, wala hayahusiani na mishipa ya damu. Hayageuki yakibonyezwa, hayana joto, na hufifia utotoni. Ni vyema yaandikwe kwenye kadi ya kliniki siku ya kuzaliwa, maana wako walezi waliowahi kutuhumiwa kumpiga mtoto kwa sababu ya baka ambalo alizaliwa nalo.

Dawa ya moyo iliyogeuka dawa ya ngozi

Hadi mwaka 2008 tegemeo kuu la tiba lilikuwa dawa za steroidi kwa kiwango kikubwa. Zilizuia ukuaji, lakini ziliwanenepesha watoto uso, zilidumaza kimo, zilipandisha shinikizo la damu na kuwafungulia mlango wa maambukizi. Mwaka huo Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walitoa taarifa fupi. Mtoto aliyekuwa akitumia steroidi kwa ajili ya hemanjioma ya pua alipata unene wa misuli ya moyo, akapewa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu. Siku iliyofuata hemanjioma ilikuwa imegeuka kutoka wekundu mkali kuwa zambarau, na imelainika. Taarifa ile ilihusu watoto kumi na mmoja tu, lakini ilibadilisha tiba duniani kote. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulithibitisha: kati ya kila watoto 100 waliopewa miligramu 3 kwa kilo kwa siku kwa miezi sita, hemanjioma ilitoweka yote au karibu yote kwa watoto 60; kwa wale waliopewa dawa isiyo na kitu, ni 4.

Propranololi haina jambo la ajabu. Vidonge vyake vimekuwa vikiuzwa madukani kwa miongo mingi, kwa bei ndogo, na hapo ndipo faraja na hatari hukutana. Faraja, kwa sababu tiba bora ya tatizo hili si ya matajiri. Hatari, kwa sababu mzazi aliyesikia habari zake anaweza kusaga kidonge cha mtu mzima na kumnywesha mtoto wa kilo nne.

Kabla ya kuanza, mtoto hupimwa uzito, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kifua na moyo husikilizwa. Mwenye mapigo ya polepole mno, tatizo la umeme wa moyo, historia ya kubanwa kifua au sukari inayoshuka hapewi mpaka mtaalamu aamue. Vivyo hivyo mwenye baka kubwa la uso ambaye mishipa ya kichwa chake haijachunguzwa. Watoto wadogo sana na njiti huanzishiwa hospitalini. Kwa kawaida huanza na miligramu 1 kwa kilo kwa siku, kisha hupandishwa hadi 2 au 3, ikigawanywa mara mbili, na mapigo hupimwa saa moja na saa mbili baada ya dozi ya kwanza na kila inapopandishwa.

Hesabu irudiwe na mtu wa pili. Mtoto wa kilo 5 anayepewa miligramu 2 kwa kilo anahitaji miligramu 10 kwa siku, yaani miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Kama dawa ya maji ina miligramu 20 katika mililita 5, dozi hiyo ni mililita 1.25. Kama chupa ni ya miligramu 40 katika mililita 5, dozi ni nusu ya hapo, takriban mililita 0.6. Mama aliyezoea chupa ya kwanza akipewa ya pili bila kuelezwa, atampa mtoto dozi mara mbili kwa nia njema kabisa. Apewe bomba la sindano lisilo na sindano, lililowekwa alama ya kalamu mahali pa kukomea. Kijiko cha chai si kipimo.

Jambo moja mama anapaswa kuondoka nalo hata akisahau mengine yote: dawa hii haitolewi kwa mtoto mwenye njaa. Propranololi huzuia mwili kutoa sukari ya akiba, na pia huficha mapigo ya haraka na mtetemeko ambavyo vingetoa tahadhari. Mtoto anyonye kwanza, au anyonye wakati wa kupewa dawa, na usiku asikae muda mrefu bila kunyonya. Aliye chini ya wiki sita asipitishe saa nne. Akiwa na homa, anatapika, anaharisha au amekataa ziwa, dawa isimamishwe mpaka ale vizuri tena. Akitema dozi, asirudishiwe. Akilegea, akatoka jasho jembamba la baridi, akawa mzito kuamka au akapata degedege, anyonyeshwe au apakwe sukari ndani ya shavu kama anaweza kumeza, na akimbizwe hospitali. Akianza kukoroma kifua na kubanwa, dawa isimamishwe na aonwe siku hiyo hiyo. Mikono ya baridi na usingizi wa mang’amung’amu hutokea pia, lakini hayo kwa kawaida si ya hatari.

Tiba huendelea kwa miezi sita au zaidi, mara nyingi mpaka mtoto atimize mwaka. Wazazi wengi huacha mapema kwa kuwa uvimbe umenywea. Kwa baadhi ya watoto hao huinuka upya. Kwa hemanjioma ndogo na nyembamba iliyo juu ya ngozi, matone ya macho ya timololi yanaweza kupakwa juu yake mara mbili kwa siku. Yasipakwe juu ya kidonda wala eneo kubwa, kwani dawa hupenya na kuingia mwilini. Kidonda chenyewe hupakwa vaselini safi, hufunikwa kwa kitambaa kisichogandia, na mtoto hupewa dawa ya maumivu.

Mabaka yasiyokua

Alama iliyokuwapo tangu siku ya kwanza, bapa, isiyoongezeka, haihusiani na kalenda iliyoelezwa. Iliyo hafifu katikati ya paji la uso, kwenye kope au kisogoni ni vijimishipa vilivyotanuka tu. Ya usoni hufifia ndani ya mwaka mmoja au miwili, ya kisogoni huweza kubaki chini ya nywele bila madhara.

Baka la mvinyo ni jambo jingine. Huwapata watoto watatu hivi kati ya 1,000, mara nyingi huwa upande mmoja wa uso, na halifutiki. Kadiri miaka inavyopita hukolea na kuwa nene. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba chanzo chake ni badiliko la jeni iitwayo GNAQ, lililotokea katika chembehai chache za kijusi tumboni. Halirithiwi wala halirithishwi. Likifunika paji la uso na kope, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho kupimwa presha ya jicho, na achunguzwe kwa ajili ya ugonjwa wa Sturge-Weber, ambamo mishipa ya utando wa ubongo nayo ina kasoro na degedege huweza kuanza katika mwaka wa kwanza. Tiba ya rangi yake ni leza. Kwenye ngozi nyeusi, rangi ya ngozi hunyonya mwanga uliokusudiwa kwa damu, hivyo kuungua na madoa hutokea kwa urahisi. Anayeifanya awe amezoea ngozi hiyo.

Propranololi haisaidii baka la mvinyo. Haisaidii pia kasoro za vena wala za mishipa ya limfu, ambazo hutibiwa kwa njia nyingine, kama kuchomwa sindano za kuzisinyaza. Uvimbe unaodunda kama mapigo ya moyo, au uliojaa ghafla ukawa mgumu na kuandamana na michubuko ya damu chini ya ngozi, usisubiri siku ya kliniki.

Mama hakufanya kosa

Lugha nyingi zimemtwika mama lawama katika jina lenyewe la alama. Kwa Kiarabu baka la kuzaliwa ni wahma, neno la mzizi mmoja na hamu ya mjamzito. Wahispania huliita antojo, Wataliano voglia, Wafaransa envie, na yote hayo maana yake ni tamaa. Hakuna chakula kilichotamaniwa, mtu aliyechekwa wala mwezi uliopatwa unaoweza kuleta alama hizi. Mhudumu alitamke jambo hilo hata kama mama hajauliza, tena mbele ya baba na bibi wa mtoto ikiwezekana, kwa sababu mara nyingi swali lipo nyumbani ingawa halikuletwa kliniki. Na kama bibi anashauri kuchanja chale au kuchoma, aelezwe kwa heshima kwamba hemanjioma ni damu tupu: ikikatwa hutoka damu nyingi, na kovu la moto halitanywea kamwe.

Kwa yule mtoto wa wiki tatu, lililotakiwa siku ile lilikuwa dogo. Muuguzi angeweka rula kando ya kope, akapiga picha kwa simu ya mama mwenyewe, akaandika kwenye kadi ukubwa, tarehe na neno “kope”, kisha akampa barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa watoto au wa macho wiki hiyo hiyo. Na angebadili maneno machache tu: “Mama, hii mara nyingi huondoka yenyewe. Lakini ipo karibu na jicho, kwa hiyo hatutaisubiri.”